Mikono ya Yudithi

Pellegrina alikuwa bucha, baba yake alikuwa bucha, na mume wake alikuwa bucha. Mimi nilikuwa nauza utumbo kwenye meza iliyopakana na yake, na kwa miaka ishirini na saba nilisikia kisu chake kikipita kwenye kinoo kila alfajiri kabla kengele ya parokia haijalia. Mimi ni Tommasa. Hapa Castelrovo hakuna asiyenijua, lakini nataja jina kwa sababu nimo katika habari hii. Nimo, hasa hasa, kwa upande wa mgongo.

Siku hizi watu wakimkumbuka Pellegrina wanakumbuka picha. Mimi nilimjua kabla ya picha, basi acha nianzie huko.

Baba yake alijaliwa mabinti watatu, wa kiume hakupata hata mmoja, na mikono yake ilianza kutetemeka kabla hajafika uzee. Pellegrina ndiye alikuwa wa mwisho. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alimshikia baba yake ndama. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, alimwondolea kisu mkononi, taratibu, kama mtu anavyomwondolea mgonjwa kijiko, akamaliza kazi mwenyewe. Kesho yake mzee alikaa kibarazani akamnolea kisu kingine, chenye mpini mwembamba zaidi, unaomwenea.

Aliolewa na Gaspare, bucha mpole aliyependa maneno kuliko nyama. Walielewana vizuri. Yeye alichinja uani, karibu na mfereji, Gaspare akakata na kuuza mezani huku akiwauliza wateja habari za magoti yao na za binamu zao. Walipata watoto wawili. Wote wawili walifariki kabla ya kutembea. Halafu, kiangazi kile mfereji ulipofurika, homa ikamchukua na Gaspare.

Pellegrina alivaa nyeusi akakaa ndani siku tatu. Siku ya nne nilimkuta uani amekunja mikono ya gauni.

"Shoga, mbona umetoka mapema hivi?" nikamuuliza.

"Kuna ng'ombe hapa amefungwa tangu Jumapili," akasema. "Hajui kama Gaspare amekufa. Anataka maji tu."

Desturi ya mabucha wa hapa ni kwamba mjane anaweza kuendelea na meza ya mumewe kwa muda. Urefu wa huo muda hakuna aliyewahi kuutaja. Gaspare alikuwa na mdogo wake, Baldassarre, mtu mwenye sauti kubwa na wana watatu, asiye na meza yake mwenyewe. Alifanya kazi kwenye meza za wengine. Kila alipopita alisimama.

"Shemeji, unajichosha."

"Nikichoka nitakaa, shemeji. Kigoda ninacho."

"Nasema kwa wema."

"Na mimi nimejibu kwa wema."

Ndivyo walivyosalimiana miaka mitano.

Sasa, wakati huo ilikuwa imepita miaka kumi tangu yule kapteni wa askari wa kukodiwa atuzingire. Alituzingira wiki tisa. Tulikula paka, tulichemsha mikanda. Mwishowe kapteni alishikwa na tumbo la kuhara akafia hemani mwake, na askari wake wakatawanyika wakitafuta wa kuwalipa. Baraza la mji walitaka picha kubwa ya kumshukuru Mungu kwa wokovu ule, ya kutundikwa ukumbini. Waliona si heshima kuchora kuhara. Wakaagiza Yudithi: yule mjane wa Maandiko aliyeingia kwenye hema la adui, akamwacha jemadari Holoferne anywe mpaka azime, akamkata kichwa kwa upanga wake mwenyewe, na mji wake ukapona.

Walimleta mchoraji kutoka Ferrara, Fundi Ottaviano, mwembamba, mwenye rangi kwenye ndevu. Jumamosi moja ya vuli nilimwona amesimama mbele ya meza ya Pellegrina. Wateja walikuja wakaondoka, yeye kasimama.

Pellegrina akamwambia, "Kaka, unanunua au unasali?"

"Naangalia mikono yako."

"Mikono haiuzwi. Maini yapo."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji ya utumbo. Lakini yule mtu hakucheka. Alieleza, akiwa amevua kofia, kwamba uso wa Yudithi ameshaupata. Ni uso wa Cornelia, binti wa Ser Vitale, mwenyekiti wa baraza. Binti ana uso mzuri sana, ila mikono yake ni kama mishumaa. Kila anapochora upanga, picha inakataa.

"Nahitaji mikono iliyowahi kufanya kazi hii," akasema.

"Ya kuwakata watu vichwa?"

"Ya kukata chochote."

Pellegrina aliipangusa mikono kwenye aproni akaitazama, kama mtu aliyeambiwa kitu kuhusu mbwa wake. Ilikuwa mikono minene, myekundu kuanzia kiwiko, na ule wa kushoto ulikuwa na kovu la kuungua lenye umbo la mwezi mchanga. "Siingii peke yangu kwenye chumba cha mwanamume," akasema mwishoni. "Tommasa akija, nakuja."

Tulienda Ijumaa, siku isiyo ya nyama, meza zimefungwa. Fundi alikuwa amekodi ghala la zamani la nafaka juu ya nyumba ya mtia rangi sufu. Alituonyesha turubai la picha alilokuwa ameanza. Pellegrina aliliangalia, akaangalia tena, akatafuta pa kukaa, akacheka mpaka machozi.

"Nisamehe, Fundi. Huyu anamkata au anamuaga?"

Fundi akawa mwekundu. "Ni shujaa wa Mungu. Lazima awe na heshima. Hawezi kukunja uso kama..."

"Kama mimi? Sema tu, sijakasirika."

Pellegrina akasimama akaisogelea picha, na sasa hakuwa anacheka.

"Upanga ameushika kama mshumaa wa maandamano. Mikono ya gauni imeshuka mpaka vidoleni. Damu itamwingia mpaka kwapani, na hariri haitoki damu hata uifue kwa majivu. Amekunja goti wapi? Uzito wake uko wapi? Na huyu mama mjakazi, anafanya nini mlangoni na mfuko?"

"Anasubiri kichwa."

"Anasubiri! Mwenzake yuko kitandani na jitu zima lenye mvinyo kichwani, yeye anasubiri kama yuko kwa mwoka mikate! Fundi, hii ni kazi ya watu wawili. Hata ndama hachinjwi na mtu mmoja. Mwingize ndani. Mpandishe kitandani, amlalie huyo bwana kifuani."

"Nani atalala?"

Wote wawili wakageuka wakaniangalia mimi.

Kwa hiyo ndivyo nilivyoingia katika Maandiko Matakatifu. Ijumaa sita nililala kifuani pa Brunoro, mwendesha mkokoteni aliyeajiriwa kuwa Holoferne, na Brunoro, kwa kuwa alipewa mvinyo ili alegee, alikoroma kwelikweli. Fundi alinichora mgongo na makalio yangu yote bila huruma. Uso wa mjakazi aliuchukua baadaye kwa mama mkwe wake.

Ijumaa ya tatu, au ya nne, Fundi alimuuliza Pellegrina swali. Mkono wa kushoto wa Pellegrina ulikuwa umezama kwenye nywele za Brunoro, wa kulia umeshika upanga wa kuazima.

"Unapochinja, unafikiria nini?"

"Kamba. Kama imekazwa vizuri."

"Hilo tu?"

Nilisikia mkaa wa kuchorea wa Fundi ukikwaruza.

"Nafikiria kuwahi," akasema. "Mnyama anajua. Kuanzia unapomleta uani, anajua. Basi usimweke. Kila mtu anadhani huruma ni kusitasita. Kusitasita ndiyo ukatili wenyewe."

"Na hasira? Yudithi alikuwa na hasira. Nimchore na hasira."

"Hasira inatetemesha mkono. Kama angekuwa na hasira, angekosea. Na huyu hakukosea, si ndiyo? Alikata mara ngapi?"

"Mara mbili, Maandiko yanasema."

"Mara mbili," Pellegrina akarudia, akiwaza. "Si mbaya, kwa mtu ambaye hajafundishwa." Halafu akauliza, "Na alikuwa mjane?"

"Ndiyo. Miaka mitatu na ushee."

"Basi alikuwa amezoea kufanya mambo bila kusubiri mtu."

Fundi aliacha kuchora. Alikwenda dirishani akasimama huko kidogo. Aliporudi alifuta uso wote wa Yudithi, ule aliokwisha kuumaliza, akauanza upya. Cornelia aliitwa tena kuja kuchorwa siku nyingine, sisi hatukukutana naye.

Picha ilifunuliwa sikukuu ya mtakatifu wetu. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Pazia liliposhuka, watu walivuta pumzi kama wamemwagiwa maji ya mfereji. Kitanda kilikuwa karibu kiasi kwamba ungedhani damu itakuangukia kiatuni. Mjakazi amelala juu ya jitu na uzito wake wote, na Yudithi amekunja mikono ya gauni juu ya viwiko, ameshika nywele, anavuta upanga kuelekea kwake. Uso wake haukuwa na hasira wala furaha. Ulikuwa uso wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Ndipo muuza samaki mmoja akapaza sauti, "Jamani! Lile kovu ni la Pellegrina!"

Basi, kuanzia siku hiyo ikawa mchezo. Wanaume wakipita mezani walijishika shingo. "Mama, nionee huruma, sijaungama!" Mwingine alisema, "Nipe kipande cha mbavu, cha Holoferne kama kimebaki." Alijibu kila mtu, na alijibu vizuri, lakini mimi nilikuwa karibu na niliona kwamba ameanza kushusha mikono ya gauni anapouza. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maisha yake yote.

"Inakuuma?" nikamuuliza.

"Haiumi. Ila nilikuwa na mikono, sasa nina kitu ambacho watu wanakiangalia."

Wiki chache baadaye, asubuhi yenye ukungu, alikuja msichana na mjakazi nyuma yake. Alikuwa amejifunika shela, lakini uso ule mji mzima ulikuwa unaujua. Cornelia. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Mama Pellegrina," akasema, "mimi ndiye... uso."

"Najua, binti. Nakuona juu ya mabega yangu."

"Nilitaka kuiona mikono yangu."

Pellegrina alimtazama kuona kama ni dhihaka. Haikuwa dhihaka. Akakunja gauni, akaiweka mikono yote miwili mezani, katikati ya figo na mifupa ya supu. Yule binti akaigusa kwa ncha za vidole.

"Watu wananisalimia kama mtu aliyefanya jambo fulani," akasema. "Baba anawaambia wageni kwamba binti yake ni jasiri. Mimi naogopa hata bata mzinga." Akagusa kovu. "Hili ulilipataje?"

"Mafuta ya nguruwe. Nilikuwa nayeyusha, mtoto akalia, nikageuka."

"Mtoto sasa ana miaka mingapi?"

"Hayupo."

Cornelia hakusema pole. Aliuacha mkono wake palepale juu ya kovu, na kwa hilo mimi nilimpenda. Baadaye Pellegrina alitoa kisu chake chembamba akamwekea mkononi. Binti akakikamata kwa ngumi mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Si hivyo. Shika kama unavyomshika mtoto mkono sokoni, penye watu wengi. Asiponyoke, na asiumie."

Alijaribu tena. "Hivi?"

"Hivyo. Umeona? Si nguvu."

Alikuja mara nyingine, na nyingine tena, daima na kisingizio cha mchuzi wa mgonjwa fulani nyumbani. Siku moja alisema kwamba baada ya sikukuu ya Epifania ataolewa, atapelekwa Modena.

"Ni mtu mbaya?" Pellegrina akauliza.

"Hapana. Simjui tu. Naogopa."

"Kuogopa usichokijua si woga, bibie. Ni akili. Woga ni kuogopa mpaka usitake kujua."

Aliolewa, akaenda. Na mara tu Ser Vitale alipomaliza shughuli za harusi, Baldassarre akapeleka shauri barazani.

Lilikuwa shauri lenye hila. Hakusema anataka meza. Alisema jina la marehemu kaka yake limetiwa doa: mjane wake amefunua mikono mbele ya mwanamume mgeni, ndani ya chumba, Ijumaa sita, na mwanamke wa namna hiyo hawezi kusimama kwenye meza yenye jina la ukoo. Tuliitwa ukumbini. Wazee saba walikaa kwenye viti virefu, na juu ya vichwa vyao, kubwa kuliko mlango, ilikuwa picha.

"Waheshimiwa," Baldassarre akasema kwa ile sauti yake, "sina haja ya kuleta ushahidi. Uko juu yenu."

Wazee wote saba wakainua shingo kwa pamoja. Ser Vitale aliinua, akashusha haraka, maana alikuwa anaangaliana na binti yake.

"Chumbani kulikuwa na nani mwingine?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Tommasa, wewe huonekani pale."

"Naonekana, mheshimiwa. Huyo aliyemlalia Holoferne ni mimi."

"Yule ana uso wa bibi kizee."

"Uso ni wa mama mkwe wa Fundi. Kuanzia shingoni kushuka chini ni mimi."

"Tutajuaje?"

Basi ningefanya nini? Niligeuka. Nikainama kidogo, kama nilivyoinama Ijumaa sita. Wazee wakaangalia juu, wakaangalia chini, kisha mzee kuliko wote, ambaye nilidhani amelala, akasema, "Ni wenyewe." Ukumbi ukaangua kicheko. Hata karani alicheka. Baldassarre peke yake hakucheka, na kwa kweli nilimwonea huruma kidogo, maana mtu akichekwa wakati ana njaa ya kitu, kicheko kile hakitoki mwilini.

Ser Vitale akaona amepata njia. Akafungua mikono, akasema kwa upole, "Mama huyu ndiye Yudithi wetu. Tunakaa chini yake kila tunapokutana. Tutamnyang'anyaje Yudithi meza yake?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa imekwisha. Angenyamaza tu, angeondoka na ushindi mzima. Nilimbana kiwiko anyamaze. Lakini Pellegrina akapiga hatua mbele.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Mimi si Yudithi. Yudithi aliua mara moja, akaimbiwa mpaka leo. Mimi nachinja Jumatano na Jumamosi, naambulia nzi. Msinipe meza kwa ajili ya picha. Mkinipa kwa ajili ya picha, siku mtakapoichoka picha mtanichoka na mimi. Nipeni kwa sababu nyama yangu haijamuumiza mtoto wa mtu. Kama hiyo si sababu, mpeni Baldassarre. Naye anajua kazi."

Ser Vitale hakupenda. Mtu akikupa zawadi ukaichagua, hapendi. Waliingia chumba cha ndani, wakakaa muda wa rozari nzima. Walipotoka karani alisoma: meza itakuwa ya Pellegrina kwa kadiri mikono yake itakavyoweza kazi. Asiolewe tena, akiolewa ameipoteza. Hawezi kumrithisha mtu wala kuiuza. Siku atakapoacha au atakapofariki, itakwenda kwa wana wa Baldassarre.

Tulishuka ngazi. Nje kulikuwa na jua la baridi, na mtu alikuwa anachoma njugu zilizobaki tangu vuli.

"Tommasa," akasema, "nimeshinda au nimeshindwa?"

"Umepata siku zako. Lakini ungenyamaza ungepata zaidi."

"Ningepata zaidi," akakubali. Akanunua njugu, tukala tukitembea. "Lakini ningekuwa naipigia picha magoti mpaka nife."

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Wakati ule nilimwona mjinga. Sasa sijui. Nimeona watu wengi waliopewa kitu kwa sababu ya sura waliyodhaniwa kuwa nayo, wakatumia maisha yao yaliyobaki kuilinda ile sura.

Alikunja tena mikono ya gauni. Dhihaka zilikwisha zenyewe, kama zinavyokwisha. Baldassarre aliendelea kupita.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Mikono bado mizima, shemeji, kama ndiyo unauliza."

"Nimeuliza umeamkaje."

"Basi nimeamka."

Mwaka wa tatu baada ya shauri, wakati wa mavuno ya zabibu, ilikuja habari kutoka Modena. Cornelia alikuwa amefariki katika uzazi wa pili. Mtoto wa kwanza, wa kike, alikuwa hai. Wa pili alikwenda na mama yake. Mjakazi yule aliyekuwa akiongozana naye ndiye aliyetuletea habari mezani, akasema na kuondoka. Pellegrina aliendelea kukata. Alimaliza paja lote la mbele, akawahudumia wateja waliokuwa wamesimama, akafuta gogo. Halafu akasema, "Twende kwenye ukumbi."

Tangu siku ya shauri hakuwa amekanyaga pale. Mlinzi wa mlango alikuwa mteja wangu, akatufungulia ingawa si siku yake. Kulikuwa kweupe ndani, madirisha yote wazi, na hapakuwa na mtu.

Nilidhani atalia. Alisimama mbele ya picha, ameshika mikono nyuma kama mwanamume.

"Unajua, siku zote nilikuwa naangalia mikono tu," akasema. "Naangalia kama kaichora sawa. Uso sikuwahi kuuangalia."

Tukauangalia.

"Hapo kwenye nyusi, unaona? Mimi nilimwambia Fundi hakuna hasira, akaiondoa. Lakini hii haikutoka kwangu. Hii ni ya kwake mwenyewe. Anaogopa. Anaogopa sana, na ametulia hivyohivyo." Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa turubai. "Mimi sijawahi kuogopa nikiwa kazini, Tommasa. Kwa hiyo sijui kama nimewahi kuwa jasiri. Huyu mtoto ndiye alikuwa jasiri. Alikuwa anadhani ni mimi."

Mlinzi akatikisa funguo. Pellegrina hakusikia, au hakutaka kusikia. Tulikaa mpaka mwanga ulipohama kutoka kwenye upanga ukaenda ukutani.

Baada ya hapo alikwenda kila mwaka Siku ya Marehemu Wote, akitoka kuwasalia Gaspare na watoto. Hakuwasha mshumaa, maana ukumbini hawaruhusu. Alikaa tu kidogo kwenye benchi la wenye mashauri, akaondoka.

Alifanya kazi miaka kumi na mmoja mingine. Mwishoni vidole vilianza kuvimba viungo, na asubuhi za baridi alivichovya kwenye maji ya moto kabla ya kushika kisu. Hakumwambia mtu, ila kila Jumatano mimi ndiye niliyeleta maji. Kisha, Kwaresima moja, mabucha wote wakiwa wamekaa bila kazi tukila maharagwe na dagaa wa chumvi, alishikwa na kifua. Nilimhamishia kwangu. Hakusumbua. Siku ya pili kabla ya Jumapili ya Matawi aliniuliza kama ni Jumatano, nikasema hapana, ni Ijumaa, akasema, "Afadhali," akageukia ukutani. Alfajiri alikuwa ameondoka.

Tulikuwa watu wachache kwenye mazishi, maana ilinyesha. Wabebaji walikuwa watatu, na tulikuwa tunatafutana macho mlangoni kwa kanisa nani awe wa nne, ndipo Baldassarre akaja. Alikuwa amezeeka, kofia inachuruzika maji. Hakuombwa. Akaingiza bega chini ya jeneza upande wa mbele, wakaenda mpaka makaburini kwenye lile tope bila kupumzika.

Tuliporudi nilitembea naye, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Wanawe walikuwa wamekwisha kwenda kuiangalia meza. Sikuwa na hamu ya kusema naye. Ni yeye aliyeanza.

"Alikuwa anachinja vizuri kuliko kaka yangu," akasema. "Kuliko mimi. Mnyama alikuwa hata hajui."

"Ungemwambia."

"Ningemwambia lini?" akasema Baldassarre, akifuta uso kwa kofia iliyolowa. "Tulikuwa tunagombana."